Mgeni Chini ya Feni

Majirani zangu wa Chamazi hawakuwahi kuielewa kazi yangu, na baada ya miaka mingi niliacha kuwalaumu. Mama Zai, tuliyepakana naye ukuta, aliniuliza mara ya kwanza nikiwa naanua nguo: "Kwani wewe huko Kinondoni unafanyaga nini?" Nikamwambia nashindanisha programu za kompyuta zinazocheza sataranji, ili ijulikane ipi ina nguvu kuliko nyingine. Akafikiri kidogo. "Yaani kompyuta inacheza na kompyuta?" Ndiyo. "Na wewe?" Naangalia. "Na mwisho wa mwezi wanakulipa?" Wananilipa. Akawaita wanawe waje wanisikilize, wajue kwamba Mungu ana njia nyingi za kugawa riziki.

Nimestaafu mwezi uliopita. Nyie mliobaki kwenye chumba kile mmeniomba niwaandikie niliyoyaona, nami nawaandikia, ingawa najua wengine mtasoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vyenyewe havikuwa vingi, na mshahara ni siri ya mtu na tumbo lake.

Niliingia kazini nikitokea ualimu. Nilikuwa nafundisha hesabu sekondari huko Mbagala mpaka koo likagoma, na daktari akanishauri nitafute kazi isiyotaka kupaza sauti. Binamu yangu aliyekuwa akinunua rangi Kinondoni akaniambia kwamba ghorofani, juu ya duka lile la rangi, yupo Mhindi anatafuta mtu mwenye hesabu na subira. Nikamwambia hesabu ninayo, subira nitaazima.

Huyo alikuwa Bwana Murtaza. Mtu mfupi, kofia nyeupe yenye nakshi ya dhahabu, miwani imefungwa kamba shingoni isipotee. Baba yake aliuza rangi pale chini. Yeye alipanda ghorofani akaanza kutengeneza michezo ya simu, halafu vishikwambi vya shule vyenye michezo ya kuchangamsha akili. Kila kishikwambi kilitakiwa kiwe na sataranji ndani yake, na kila aliyekuwa na programu ya sataranji ya kuuza aliapa kwamba yake ndiyo kali kuliko zote. Bwana Murtaza alizaliwa dukani. Kiapo cha muuzaji hakikumtikisa. Alitaka mtu wa kuzikutanisha programu hizo ana kwa ana, zipigane, aone.

Usaili wangu ulikuwa hivi. Alinitazama juu ya miwani akaniuliza, "Mwalimu, jirani yako akikufunga drafti mara mbili, yeye ni mkali kuliko wewe?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Kama nilikuwa nimekula. Na kama mtoto alikuwa analia. Na nani alianza."

"Haya, umekula, mtoto kalala, mnaanza kwa zamu."

"Basi anifunge mara nyingi zaidi ya hizo mbili, ndipo nitaanza kufikiri."

Akacheka mpaka kofia ikasogea. "Njoo Jumatatu," akasema. "Uje na chakula chako, hapo chini wanauza rangi tu." Tangu siku hiyo mpaka leo hajawahi kuniita jina langu. Ni Mwalimu tu, na mimi nimezoea.

Jumatatu nilitegemea kuonyeshwa mitambo ya ajabu. Nilionyeshwa meza mbili, kompyuta mbili za aina moja zilizonunuliwa siku moja, waya wa kuziunganisha, na feni moja ya ukutani iliyokuwa ikilalamika kila ikigeuza shingo. Nyuma, kwenye kibaraza, palikuwa na jenereta dogo la kutuokoa umeme ukikatika. Kila programu ilikaa kwenye kompyuta yake. Mkiziweka mbili kwenye kompyuta moja, ipo yenye tabia ya kuendelea kufikiri wakati si zamu yake, na ikifanya hivyo inamla mwenzake nguvu. Inafanana na mtu mnayekula naye sinia moja huku wewe unaongea.

Bwana Murtaza alinifundisha mwenyewe, akiwa amesimama, maana alikuwa haamini kwamba mtu anaweza kufundisha akiwa ameketi. Somo la kwanza lilikuwa la rangi. Nyeupe huanza, na anayeanza ana faida, kwa hiyo kila mwanzo wa mchezo uchezwe mara mbili: mara ya kwanza programu hii ikiwa na nyeupe, mara ya pili ile nyingine. Hilo nililielewa upesi kwa sababu Chamazi tunakaa jirani na uwanja wa mpira, na hata mtoto wa kule anajua kwamba timu hazijapimana mpaka zicheze nyumbani na ugenini. Somo la pili lilikuwa la muda. Programu zote zipewe muda uleule wa kufikiri, hata moja ikiwa ya tajiri na nyingine ya maskini. Somo la tatu ndilo gumu, na ndilo ninalowaona nyie vijana mkilikimbia: kusubiri. Sataranji ina sare nyingi. Programu mbili zinazokaribiana zinaweza kucheza siku nzima na usijue lolote. "Michezo michache ni umbea, Mwalimu," alikuwa akisema. "Usiniletee umbea mezani."

Na zile pointi mnazozisoma kwenye skrini leo, msizisujudie. Pointi hazisemi programu ina nguvu kiasi gani. Zinasema tofauti tu kati ya huyu na yule, chini ya masharti mliyowawekea. Mkibadilisha masharti, mmebadilisha na jibu. Nimewaambia hili mara nyingi na nitalisema tena hapa kwa kuwa ndilo lililotaka kumpoteza mtu.

Usiku hatukucheza. Bwana Murtaza aliogopa kuacha mashine zikiwaka peke yake juu ya duka la rangi, na katika hilo sikumbishia.

Kulikuwa na utaratibu mmoja zaidi niliourithi pamoja na meza. Kompyuta iliyokuwa chini ya feni ilitengwa kwa programu inayoletwa kutoka nje, na Bwana Murtaza alikuwa ameibandika kikaratasi kwa mwandiko wake: MGENI. Ile nyingine, iliyokaa upande wa dirisha la magharibi, ilikuwa ya programu yetu ya wakati huo. Kompyuta zilikuwa pacha, kwa hiyo hakuna aliyeona sababu ya kuzibadilisha. Nami niliona vizuri, kila mtu na mahali pake, hakuna kuchanganya.

Miaka ikaenda. Nitawapa kisa kimoja tu cha huko katikati, kwa kuwa kina faida. Alikuja bwana mmoja na tai, akiwa na programu aliyosema ameiandika mwenyewe kwa jasho lake. Tukaicheza na nyingine tuliyokuwa nayo siku nyingi. Zilienda sare, sare, sare. Hilo si kosa. Lakini palikuwa na mwisho fulani wa mchezo, mfalme na ngome upande huu, mfalme na farasi upande ule, ambapo ile programu yetu ya zamani ilikuwa na upofu wa ajabu: kila mara ilijiona inashinda wakati haishindi. Ya yule bwana nayo ilijiona hivyohivyo, kwenye hatua zilezile. Nikamwambia Bwana Murtaza kwamba watu wawili wakifanana kwa akili si ajabu, lakini wakifanana mpaka kwa makosa, uliza wamelala nyumba gani. Bwana wa tai alishuka ngazi bila kuaga.

Sasa nije kwa Salha, kwa sababu najua ndicho mnachokisubiri.

Salha alitoka Temeke, kwenye ukoo wa Kiarabu wenye duka la vyombo tangu zamani: masufuria, mabirika, madeli, mpaka masinia ya shughuli. Alisoma kompyuta chuoni, na baba zake wadogo walimlipia ada kwa roho safi huku wakiamini kwamba akimaliza atarudi kuwatengenezea hesabu za duka. Yeye hakutaka. Alikuja kwa Bwana Murtaza akaomba chumba kidogo kilichokuwa kikiwekwa makopo matupu, akasafisha, akaanza kuandika programu ya sataranji ya kwetu wenyewe. Aliipa jina la Chonge. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kununa, na kila asubuhi alipitia kwangu kabla ya kuingia chumbani kwake. "Shikamoo Bi Mwana. Leo naandika kitu, utaona." Jina langu ni Mwanaidi, yeye alilikata nusu siku ya kwanza na halikurefuka tena.

Chonge alikuwa na tabia za mwenyewe. Tulikuwa tukimwita yeye, si hiyo. Alipenda kusogeza askari wake mbele mapema kupita kiasi, na akipata nafasi alitoa farasi sadaka kwa ajili ya shambulio ambalo mimi nisingethubutu. Mwanzoni alipigwa na kila mtu. Salha aliandika na kufuta, akaandika na kufuta, muda wa kutosha kwa mtoto wa dada yake kuzaliwa na kuanza kutembea, na Chonge akawa hapigwi ovyo.

Ndipo ikaja programu kutoka nje ya nchi. Wenyewe waliileta ijaribiwe bure kabla ya kununuliwa, na walikuwa na haraka, maana mwakilishi wao alikuwa mjini na tiketi ya kurudi. Bwana Murtaza akatuita sote wawili. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Salha, binti yangu, mie nafanya biashara. Chonge acheze na huyu. Akipigwa, nanunua cha watu na kile chumba nakirudisha kuwa stoo. Siwezi kulisha programu mbili."

"Na wakilingana, Mzee?"

"Wakilingana? Kwa nini ninunue cha mtu na mie ninacho changu? Wakilingana unabaki. Mwalimu ndiye atakayesema."

Salha akanitazama. Tulipotoka nje akanishika mkono. "Bi Mwana, kule dukani mie nitakufa. Si utani. Nitakaa nyuma ya yale masufuria mpaka niwe sufuria." Nilimwambia namwombea lakini simpendelei, akasema anajua, na ndiyo maana anaogopa.

Ilikuwa miezi ya joto, ile ambayo hata ukuta unatoka jasho. Programu ya nje ikakaa chini ya feni kwenye kompyuta ya MGENI, nasi tukaiita Mgeni. Chonge akakaa dirishani. Nikawasha.

Chonge alipigwa. Hakuaibishwa. Alipigwa polepole, mchezo hadi mchezo, namna inayouma zaidi. Asubuhi alikuwa akishikilia vizuri, sare kwa sare, na mara mojamoja akimng'ata mwenzake. Baada ya adhuhuri alianza kukosea, hakuona mbali, akaacha askari wake wakiliwa bure. Salha alikaa nyuma yangu akila kucha. Alirudi chumbani, akapekua alichoandika, hakuona kosa. Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Siku iliyofuata aliacha hata kusema "utaona."

Halafu umeme ukakatika, kama unavyokatika. Nikawasha jenereta, michezo ikaendelea, na mchana ule Chonge alicheza kama mtu aliyetoka kuoga. Alimpiga Mgeni mara mbili mfululizo kwa yale mashambulizi yake ya farasi. Umeme uliporudi, akarudi kupigwa. Kesho yake ukakatika tena, Chonge akafufuka tena.

"Chonge ni mtoto wa Bongo," Salha akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile alicheka. "Umeme ukiwepo anaduwaa. Kazoea shida."

Tangu hapo Kinondoni nzima ilikuwa na mtu mmoja tu anayefurahi umeme ukikatika. Mafundi wa cherehani ng'ambo ya barabara wakilaani, yeye alikuwa akipiga makofi dirishani. Nadhani alikuwa akiuombea dua. Nikasikia mpaka wauza rangi wa chini wakisema ile programu ya yule binti ina jini la giza.

Mimi sikucheka. Kusema kweli nilikasirika. Nilikuwa nimefanya kazi ile miaka mingi, na nilijua kwamba programu haina habari na mgao. Haijui kama umeme unatoka bwawani au kwenye galoni la petroli. Kama matokeo yanabadilika umeme ukikatika, basi kuna kitu kingine kinachobadilika pamoja nao, na kitu hicho kimo chumbani humu, na mimi sikioni. Hakuna kinachonichoma kama hicho. Nikasimamisha michezo, nikakaa kwenye kiti katikati ya chumba, nikajiuliza kama mtu anayetafuta funguo: umeme ukikatika, nini huzimika ambacho jenereta haliwashi? Jenereta lilikuwa dogo. Waya wake wa kuongezea uliishia kwenye meza za kompyuta. Taa haikuwaka, lakini mchana taa ya nini. Redio ya chini ilinyamaza, lakini Chonge hana masikio. Jasho likanitiririka mgongoni, nikainua macho kuilaumu feni iliyokuwa ikipuliza upande wa Mgeni tu.

Nikainuka. Nikaweka kiganja juu ya kompyuta ya dirishani, ambapo jua la alasiri lilikuwa limeipiga tangu saa nane. Niliutoa mkono haraka. Nikaweka kiganja juu ya ile ya Mgeni. Ilikuwa ya vuguvugu tu, starehe kabisa.

Kwa ambaye hajui: kompyuta ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe, isije ikaungua. Haipigi kelele, haiwashi taa, haiombi msaada. Inafikiri polepole tu. Na programu ya sataranji iliyopewa muda uleule kwenye kompyuta iliyopunguza kasi itaona hatua chache mbele, sawa na mtu anayesoma gazeti taa imefifia. Umeme ukikatika feni ilisimama, kompyuta ya Mgeni nayo ikapata joto la kujipunguzia kasi; Chonge hakuongezeka nguvu, mwenzake ndiye aliyepungua mpaka wakawa sawa. Kwenye mpira mwenyeji ana faida ya uwanja. Kwetu mwenyeji ndiye aliyekuwa akicheza ugenini, nyumbani kwake mwenyewe.

Umeme ulikuwepo, nikaenda ukutani nikazima feni, nikawasha michezo.

Salha akatoka chumbani kwake akijipepea na daftari. "Bi Mwana, unataka kutuua?"

"Kaa hapa uangalie."

Alikaa. Alasiri nzima, umeme ukiwepo, bila jenereta na bila jini, Chonge hakupigwa. Salha alielewa kabla sijamweleza. Alitazama feni, akatazama kile kikaratasi, akasema neno la sokoni ambalo sitaliandika.

Bwana Murtaza alikuja mwenyewe, shati limemshika mwilini. "Nani kazima feni?"

"Mie," nikasema. "Nani aliyeamua mgeni akae chini yake?"

Alishangaa swali. "Si mie? Mwalimu, sasa mgeni akae juani? Pale chini baba yangu alikuwa na kiti kimoja tu chini ya feni, na hakukikalia hata siku moja. Cha mteja. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mgeni kaja, Bwana Murtaza. Mwenyeji kaungua. Weka mkono hapa."

Aliweka. Akauacha pale muda mrefu kuliko nilivyoweza mimi, kama anajiadhibu. Kisha akaweka kwenye ile nyingine. Akavua miwani akaifuta kwa pindo la shati, na shati lilikuwa limelowa, kwa hiyo alizidi kuichafua.

"Na zile zingine?" akauliza. "Zote tulizopima nyuma?"

"Karibu kila iliyokuja ilionekana kali kuliko tuliyokuwa nayo," nikamwambia. "Tulidhani ni maendeleo."

Nilitaka acheke. Hakucheka. Alimgeukia Salha, na nikamwona mzee yule, aliyekuwa akipatana bei na watu wa kila bara bila kupepesa, akivua kofia. "Binti yangu," akasema, "mie nilikuwa nakunyonga kwa ustaarabu."

Salha alikuwa na haki ya kupiga kelele siku ile. Badala yake akauliza, "Tunarudia, Mzee?"

"Mwakilishi anakuja kusaini keshokutwa."

"Najua. Tunarudia?"

Bwana Murtaza akachukua simu akatoka nayo kibarazani. Tulimsikia akimwambia mtu kwa Kiingereza kwamba keshokutwa haiwezekani, na wiki ijayo nayo haiwezekani, na kama tiketi inaisha basi safari njema. Kwa mfanyabiashara yule, hiyo ilikuwa sadaka kubwa kuliko farasi wote wa Chonge.

Nilipendekeza kompyuta ya Chonge ihamie chini ya feni, nusu ya michezo iwe hivi na nusu hivi. Lingekuwa jibu la haki. Salha akakataa. "Sitaki upepo," akasema. "Nusu mie nimeibiwa, nusu nimemwibia? Hapana. Zima. Tufe wote." Kisayansi hakukuwa na tofauti kubwa, lakini nilimwelewa. Tukafunga pazia zito dirishani, tukabadilisha meza kila siku hata hivyo, na feni ikabaki imezimwa mpaka mwisho.

Sijawahi kufanya kazi kwenye joto kama lile. Harufu ya rangi ilipanda kutoka chini. Salha aliagiza vipepeo vya ukili vya kujipepea kutoka dukani kwao, kimoja kimoja kwa kila mtu, na baba yake mdogo mmoja akaja navyo mwenyewe ili aone huo mchezo unaomfanya binti yao asirudi kwenye masufuria. Alikaa kidogo, akatazama kete zikisogea zenyewe kwenye skrini, akauliza nani anashinda. Nikamwambia bado. Kesho yake akapiga simu kuuliza tena. Bwana Murtaza naye alihamishia kiti chake chumbani kwetu, akakaa na kipepeo chake na kofia yake mpaka jioni, kila siku, wala hakuna aliyemwomba.

Michezo ilipotimia, Chonge alikuwa ametangulia. Kwa kidogo sana, lakini ametangulia. Salha akapiga kigelegele kilichowatoa mafundi wa cherehani nje.

"Ngoja," nikasema. "Hakushinda."

"Bi Mwana! Tumeongoza! Angalia hapo!"

"Mmeongoza kama mtu aliyetangulia hatua moja kwenye foleni ya benki. Nikirudia kesho, anaweza kutangulia mwenzake. Kwa michezo hii, mie siwezi kusema Chonge ni mkali kuliko Mgeni."

Uso wake ulibadilika, nikajua kwa siku ile ananichukia. Sikujuta. Kazi hii ukiipinda kwa ajili ya unayempenda, keshokutwa hutakuwa na neno la kumtetea. Nikamgeukia Bwana Murtaza na kumalizia sentensi yangu, kwa sababu ilikuwa na nusu ya pili. "Wala siwezi kusema Mgeni ni mkali kuliko Chonge."

"Huwezi kuwatofautisha," akasema.

"Siwezi."

"Wewe, Mwalimu, kwa miaka yako yote, huwezi."

"Mie wala mwingine."

Akasimama, akaenda kwenye kompyuta, akabandua kile kikaratasi cha MGENI taratibu kisichanike, akakitia mfukoni mwa shati. "Basi wamelingana," akasema. "Na mie nilishatoa neno langu." Akashuka chini kwenye rangi zake.

Salha alikuwa amejiziba uso kwa mtandio. Nikamuuliza kama analia. "Ni jasho hilo, Bi Mwana," akasema. "Joto lote hili, unataka nitoke nini?"

Mengine mnayajua, maana ndiyo mliyoyakuta. Chonge akaingia kwenye vishikwambi. Meza za kompyuta zikahamia kwenye chumba cha ndani kisicho na dirisha, na kila mashindano kompyuta hubadilishana programu nusu njia, hata kama ni pacha, hata kama zilizaliwa tumbo moja. Programu zote za zamani tulizirudia moja baada ya nyingine. Baadhi ya maendeleo yalikuwa ya kweli. Mengine yalikuwa upepo. Jenereta tulinunua kubwa. Nawasihi msije mkachoka kuweka viganja vyenu juu ya mashine. Siku hizi mna vipimo vya joto kwenye skrini, vizuri sana, lakini kiganja hakihitaji nywila.

Bwana Murtaza amewaachia watoto wake biashara na macho yake yamechoka, ila bado hunipigia simu kuniuliza Chonge anaendeleaje, kama anayemuulizia mjukuu. Salha ndiye mkuu wa chumba. Wiki iliyopita nilitoka Chamazi nikaja Kinondoni kumletea kitambulisho nilichosahau kukirudisha, na kwa miguu yangu, bila kufikiri, nilielekea kwenye kiti changu cha zamani karibu na mlango. Mmoja wenu alikuwa amekikalia, akainuka haraka. Nikamwambia akae tu, nitasimama.

Salha alitoka chumba cha ndani. "Shikamoo Bi Mwana," akasema, akanishika mkono, akaniongoza mpaka upande wa pili, chini ya ile feni yetu kuukuu ambayo siku hizi ni ya watu tu. Palikuwa na kiti. Mgongoni kimebandikwa kikaratasi kilichofifia, kwa mwandiko wa Bwana Murtaza, kingo zake zimekunjika kwa kukaa mfukoni.

Nilikisoma, na moyo ukaniuma kuliko nilivyotegemea. "Salha," nikasema, "mie si mgeni hapa."

Aliinua mkono akaishika feni shingo, akaigeuza mpaka ikanielekea yote, akaenda zake kuwasha michezo. Nikaketi. Nikalia palepale mbele yenu, na kwa upepo ule hata jasho sikuweza kulisingizia.